Amepungua Mtu Mmoja

Niliota usiku wa jana kwamba nimeitwa kwenye kikao cha kamati ya harusi yangu mwenyewe, na nimechelewa.

Kikao kilifanyika darasani, katika shule ya msingi niliyosoma huku Usangi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Wajumbe walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Mwenyekiti alikuwa sufuria. Ni lile sufuria kubwa la kanisa, la kupikia pilau, ambalo limehudhuria harusi zote za kata yetu. Nilipoingia likanyamaza, na wajumbe wakaacha kuandika. Nikajua walikuwa wananisema.

Nikaulizwa jina. Nikasema ni Naetwe, bibi harusi. Katibu akapekua daftari, akajibu kwamba Naetwe mmoja yupo, ila bado anachunguzwa. Nikaketi.

Hapa nieleze kidogo, maana haya si ya ndotoni. Mimi na mchumba wangu, Mbonea, tumekubaliana harusi yetu iwe ya siku tatu na iwe ya watu wote. Ijumaa ni msaragambo: kila mwenye jembe atakuja tuzibue mfereji unaoleta maji mashambani. Jumamosi ni ndoa, na chakula cha aina moja kwa kila mtu. Jumapili ni chai na majirani. Tuliandika kanuni tatu, tukazibandika ukutani kwa mama: watu wote washiriki, pasiwe na meza kuu, pasiwe na siri. Chini yake tukabandika orodha ya waalikwa. Mwandiko ni wangu.

Kamati ya ndotoni ilikuwa imezichukua kanuni hizo kama zilivyo.

Nje ya dirisha seremala alikuwa anakata miguu ya meza zote za kata, ili isiwepo iliyo juu ya nyingine. Zilikuwa zimelala kwenye nyasi. Moja ikaniuliza kama hapo alipofikia seremala panatosha. Nikasema panatosha. Ikasema hata viti viliambiwa hivyo hivyo, na haikusema viti viko wapi.

Kuhusu watu wote kushiriki, katibu alisoma kwamba kiapo cha ndoa kitatamkwa na watu mia nne na kumi na wawili kwa pamoja, na pete moja itazungushwa kwa foleni. Nikauliza kama baada ya hapo nitakuwa nimeolewa na wote. Sufuria likasema suala hilo limepelekwa kwenye kamati ndogo.

Ikabaki kanuni ya siri. Watu wanasimama bila kuamriwa na kugeuza mifuko yao nje. Mchungaji ana nusu andazi mfukoni, na anaungama papo hapo. Mara hatuko darasani tena, tuko kanisani, na mifuko inaning'inia viunoni mwa watu kama masikio ya mbuzi. Mbonea amesimama mbele, kavaa koti la kahawia. Mifuko yake mitatu iko nje. Wa nne, wa kifuani, umeshonwa.

Sikushangaa. Nilikuwa na shaka naye tangu mwezi uliopita, nikiwa macho kabisa. Kila Alhamisi mchana simu yake haipatikani. Nikimuuliza, ananiambia alikuwa anakagua mabomba. Mbonea ni fundi wa maji, mabomba anayo mengi, lakini mimi sijawahi kusikia bomba linalokaguliwa kila Alhamisi. Nilikuwa nimeshaanza kunusa mashati yake. Yalinuka moshi wa kuni, na yeye anapikia gesi.

Sufuria lilikuwa limekalia madhabahu. Likatuhesabu polepole, kisha likasema, "Amepungua mtu mmoja."

Katibu akapinga kwamba walioandikwa ni mia nne na kumi na wawili, na wote wapo.

"Orodha imetimia," sufuria likasema. "Watu hawajatimia. Ndoa haifungwi."

Kanisa zima likamgeukia Mbonea. Mbonea akatazama sakafu. Nikamsogelea, nikauuliza mfuko wake umemficha nani.

"Nina mdomo mmoja," mfuko ukasema, "na umeshonwa."

Nikauambia mbona unaongea. Ukasema hayo si maongezi, ni taarifa.

Basi nikang'ata uzi. Niling'ata mshono mmoja mmoja mbele ya watu wote, na Mbonea hakunizuia, jambo lililonizidishia shaka. Nilitegemea kukuta picha ya mwanamke, au barua, au pete ya pili. Nikaingiza mkono. Vidole vikagusa maji baridi. Nikaingiza mpaka bega.

Natembea kando ya mfereji. Kanisa halipo. Maji yanapanda mlima na mimi nayafuata.

Mfereji ukaniuliza siku ya Ijumaa tutaanza kuuzibua kutokea wapi. Nikasema kwetu, kwenda chini. Ukauliza, na huku juu je? Nikaendelea kupanda. Huku juu ni kwa mama mkubwa Nakijwa, dada yake mama. Miaka kumi na mmoja iliyopita, wakati wa kiangazi, mama alimtuhumu kwamba amefunga maji siku isiyo zamu yake, maharage yetu yakakauka. Walitukanana hapo hapo mferejini watu wakiwatazama. Tangu siku hiyo nyumba hizi mbili hazisalimiani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mtu mzima, na yale maneno mabaya kuliko yote niliyasema mimi.

Mfereji haukuniuliza tena. Ukanifikisha mlangoni.

Mama mkubwa ameketi juani anashona shati. Kando yake, kwenye kigoda, ameketi Mbonea mwingine, kavaa fulana ya ndani, anakunywa uji kama mtu aliye kwao. Jikoni kuna moshi wa kuni. Nilikuwa nimeandaa ugomvi wa maana. Nilishaupanga vizuri wakati napanda, kuanzia mabomba mpaka Alhamisi. Lakini hakuna aliyeinuka, na hakuna aliyeonekana kunificha kitu.

Mama mkubwa alikuwa anabana kifungo cha mkono wa shati kwa uzi wa kijani. Alipomaliza akaukata kwa meno.

"Huyu amenijia Alhamisi nne," akasema bila kuinua macho, "kuniomba nije kwenye harusi yako. Kila akija namwambia jina langu halipo kwenye orodha. Orodha aliandika nani, Naetwe?"

Nikamtazama Mbonea aseme neno. Akaendelea na uji wake. Nikasubiri hata mfereji useme, nao ukapita zake kimya.

"Niliandika mimi, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akamrushia Mbonea shati lake. "Nilitaka kukusikia tu."

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja asubuhi na kulikuwa kumekucha. Mama alikuwa anafagia uani. Nikanawa uso, nikajiambia ndoto ni uchovu wa vikao, nikabandika chai. Haukupita muda Mbonea akafika kutuambia kwamba mabenchi ya shule yamepatikana. Nikammiminia chai. Alipoinua mkono kupokea kikombe, nikaona kifungo cha mkono wa shati lake. Vifungo vingine vyote vilishonwa kwa uzi mweupe. Hicho kilibanwa kwa uzi wa kijani, mishono midogo iliyokazwa sana. Mbonea anaishi peke yake, na kifungo kikidondoka huwa anatia pini.

Nikamuuliza nani kamshonea.

"Fundi," akasema.

"Fundi wa wapi?"

Akazungusha chai kwenye kikombe. "Wa huko juu."

Ufagio wa mama ukasimama. Mama hakugeuka. Kisha ufagio ukaanza tena, taratibu, mahali pale pale palipokwisha fagiliwa.

Nikachukua kanga yangu kwenye kamba, nikajitanda. Mbonea akauliza naenda wapi asubuhi yote hii.

"Simama twende," nikamwambia. "Tangulia wewe. Njia unaijua."