Kikombe cha Maji ya Moto

Walipoachishwa ziwa walikuwa watoto kumi na mmoja wa nguruwe. Wiki mbili baadaye tulibaki na sita, nao wanaharisha maji matupu ya njano, mikia imelowa, mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni.

Binti yangu alikuwa ameshasema lake. Hawa wakiisha, anakwenda kufanya kazi za ndani ng'ambo, mwanawe ananiachia mimi. Wakala wa kazi hizo alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuuliza kama ameamua. Sikumlaumu. Banda alilijenga kwa mikono yake, na majirani walimcheka kwamba msomi ameolewa na nguruwe.

Tegemeo letu lilikuwa kopo la unga tuliloletewa na muuza dawa za mifugo, tunayemwita Miwani. Alitueleza kwamba sindano walizochomwa mwanzo, walipoanza kuharisha, ziliua wadudu wabaya pamoja na wazuri, na unga huu ungewarudishia wale wazuri wanaolinda tumbo. Kazi ya kuwanywesha nikapewa mimi, asubuhi na jioni. Binti alipika chakula chao, akasafisha banda, akazika waliokufa.

Siku ya nne ya unga tukabaki na watatu. Binti akampigia Miwani, akamwambia ametuuzia chokaa. Miwani akaja na pikipiki yake, amevimba kwa hasira, akataka aone tunavyochanganya.

Nikamwonyesha. Nikaepua birika, nikamimina kikombe, nikatia kijiko cha unga, nikakoroga mpaka mabonge yakaisha. Nikakifunika kipoe, kama nilivyofanya na uji wa wanangu wote.

Miwani akagusa kikombe, akautoa mkono haraka. Hasira ikamwishia.

"Bibi, hawa wadudu wako hai," akasema taratibu. "Umewachemsha."

Nikalitazama kopo. Mimi kusoma najua, ila natambaa. Nilifika kwenye maneno "maji safi", nikaona nimeelewa, nikaliweka. Mstari uliofuata ulisema yasiwe ya moto. Siku nne nilikuwa nawanywesha maiti za wadudu.

"Ni mimi, mama," nikamwambia binti. "Usimlaumu mtu wa watu."

Nilitamani anitukane. Akakaa juu ya ndoo, akacheka kicheko kisicho na raha, akasema kumbe nimewapikia supu.

Kopo lilikuwa na vijiko viwili vya mwisho, na Miwani hakuwa na jingine mpaka wiki ijayo. Nikachanganya na maji niliyochemsha jana, yaliyokwisha kupoa. Binti akamshika mmoja mmoja, mimi nikasukuma kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo, tone kwa tone. Wa kwanza akameza. Wa pili akakohoa, akameza. Wa tatu yalimtokea puani, na kabla ya mchana alikuwa ameshakata roho.

Asubuhi ya tatu nilipiga magoti bandani, nikainamia kinyesi chao kama mtu anayechagua samaki. Mmoja bado alikuwa anatoa maji. Mwenzake alikuwa ametoa kitu kizito kidogo. Si kizuri, lakini kinakaa kwenye koleo. Nikamwita binti. Alichuchumaa akakitazama muda mrefu.

Simu yake ikalia. Alikuwa wakala. Akaipokea hapo hapo.

"Nipe wiki moja," akasema. "Hapana, sijakataa. Wiki moja."

Akakata, akaniambia tumtazame huyu mwingine, maana masikio yake yameanza kuwa baridi.