Mlio Asiousikia Fundi

... na si plagi, plagi zote amezikaza kwa mkono wake mwenyewe, wala si oili, kijiti amekichomoa, amekifuta, amekirudisha, amekichungulia, oili imejaa vizuri, feni haigusi kitu, mkanda haujalegea, sasa ni nini, boneti iko wazi, joto linampanda usoni, injini inanguruma, na mkunga mwenye gari amesimama pembeni na mkoba wake begani, anasema, "Si ndiyo hiyo, fundi? Tiki, tiki, tiki, inanikosesha raha," naye fundi anaitikia kwa kichwa kama anayekubaliana na kila tiki, "Naam, naipata," anaipata wapi, haipati, anachokipata ni ngurumo tu, ngurumo nene iliyofunika kila kitu, na hii ndiyo aibu yenyewe, fundi wa injini asiyesikia injini, afadhali mpishi asiyeonja maana yeye ataonjewa, na wala si zamani sana, alikuwa akisikia gari likikata kona kule barabarani anamwambia mkewe kwenye kibanda cha vipuri, huyo anayekuja breki zimekwisha, na mkewe anatoka na breki mkononi kabla mteja hajafungua mlango, watu wanacheka, wanasema hawa wawili si bure, basi masikio yale yamekwenda wapi, yameondoka kidogo kidogo, sijui ni mashine ya kusaga chuma, sijui ni nyundo, sijui ni umri tu, ndege wa asubuhi ndio walioanza kunyamaza, akadhani wamehama... "Mimi naitwa kwa wazazi usiku, fundi, njia ile haina hata nyumba," mkunga anasema, au ndivyo midomo yake inavyosema, "likinizimikia huko na mtu yuko kwenye uchungu nitafanya nini?" na hapo hawezi kujibaraguza, hawezi kumwambia nenda, gari halina kitu, kwa sababu mlio mwepesi unaotoka juu ni tapeti tu, kile kichuma cha kusukuma vali, imeachia nafasi, unairekebisha mwenye gari akikusubiri, lakini ukiwa mzito, wa kutoka chini, hiyo injini inajila yenyewe na itakufa njiani, na anayetenganisha huu na ule ni nani kama si sikio, Mungu wangu, sikio, basi anachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kifuniko cha injini, mpini sikioni, hakuna, sikio la pili, hakuna, anajisikia kama mwizi aliyevaa ovaroli ya mtu, kisha, hajui kwa nini, labda kwa kukata tamaa, anaubana mpini kwenye taya, anauma meno, na lo, huo hapo, tiki, hausikiki, unagonga, unamgonga kwenye mfupa, mwepesi, mkavu, anaisogeza ncha silinda kwa silinda, ya kwanza, ya pili, hapa kwenye silinda ya tatu ndipo unapogonga zaidi, anashuka chini kabisa ya injini, anasikiliza kwa meno, kumetulia, hakuna kitu, tapeti, ni tapeti, injini ikipoa atafungua kifuniko, atapitisha kile kibati chembamba cha kupimia, atarudisha nafasi, atakaza nati, basi, machozi yanamlenga kwa ajili ya tapeti, mtu mzima... "ANASEMA UKIKANYAGA MAFUTA NDIO UNAZIDI," hiyo ni sauti ya mkewe, ametoka kibandani, amesimama kuumeni kwake, anarudia maneno ya mteja kwa nguvu kama mpiga mnada, tabia yake hiyo, kila mteja akisema yeye anarudia, fundi ameshamtania, wewe mwanamke umekuwa mwangwi... lakini ameianza lini, na kwa nini daima kuumeni, upande ambao angalau kuna kitu kimebaki, na kitandani, alihama upande wa dirishani, akasema upepo unamuumiza bega, sasa yuko kuumeni pia, na simu, anaiwahi yeye, na mjukuu akisema kwa sauti ndogo mezani, "Ongea na babu yako vizuri, kunong'ona mezani ni utovu wa adabu," mtoto wa watu kasingiziwa, kumbe, kumbe huyu anajua, amejua siku zote, na moto unamwaka kifuani, amenifanya mtoto, amenifunika kama chungu kisichotakiwa kuonekana na wageni, halafu moto unashuka wenyewe, kwa sababu anaiona ile njia kutoka kibandani mpaka hapa, juani, kila mteja, kila gari, na miguu yake inavimba, na hajamtahayarisha hata siku moja, hajamuuliza hata siku moja, amengoja tu, wawili wanafichana kitu kilekile ndani ya chumba kimoja, uchovu ulioje... "Ni tapeti, dada," anamwambia mkunga, bisibisi bado iko tayani, "ikipoa tunaitengeneza, litakufikisha unakokwenda," na mkunga anajibu kitu, kirefu, midomo inakwenda haraka, injini inanguruma, mkewe tayari amevuta pumzi ili arudie, na fundi anamgusa mkono, polepole, "Mwache, mama, mwache aseme mwenyewe," kisha anamgeukia mkunga, anasogea karibu, "Samahani, dada, rudia kidogo. Sikusikii."