Kitovu cha Gari ya Georges

Ramazani alilishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Alilifungua, akafuta grisi kwa kitambaa, akatoa rulema, ile beringi ya chuma inayoliwezesha gurudumu kuzunguka, kisha akaingiza kidole ndani ya kitovu cha gurudumu na kukizungusha taratibu, kama anayekomba sufuria.

"Imekulwa," alisema. "Rulema ilikuwa inajizungukia humu ndani. Na hapa, Benoît, leta jicho. Unaona huu unywele?"

Benoît aliinama. Angèle naye aliacha mihogo aliyokuwa akimenya mlangoni, akaja kuchungulia nyuma ya bega la mumewe. Ufa ulianzia kwenye tundu la skrubu moja ukaishia ukingoni, mwembamba, mweusi kwa grisi.

"Ni kitovu nzima ya kubadilisha," alisema Ramazani. "Miye siwezi kukudanganya. Hii imebakia ya kulia bukari tu."

Hakuna aliyecheka kwa wazo la kitovu kugeuka sahani ya ugali. Ile pikapu ya Peugeot 404 yenye turubai ndiyo iliyowalisha tangu Benoît alipoachishwa kazi katika kiwanda cha shaba cha Shituru. Kila Alhamisi aliwapakia wanawake wa soko la Kikula na mifuko yao ya unga, akawapeleka Kakanda. Alhamisi iliyopita malaria ilimlaza, na wanawake walikwisha kumwambia kwamba akiwakosa tena watapanda lori la mtu mwingine, ndiyo basi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kubadilisha, lakini kwa kitovu gani? Serikali ilikuwa imemnyang'anya Mgiriki duka lake la vipuri na kumpa mkubwa mmoja wa chama, naye aliuza kila kilichokuwa rafuni, halafu akauza na rafu. Lubumbashi walisema vipuri vya 404 vinangojwa kutoka Ulaya. Mwezi, labda miwili.

Na hata hivyo kitovu kizima kilikuwapo, hatua mia mbili kutoka pale. Wote watatu walikijua, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja.

Georges, kaka yake Benoît, alikuwa na 404 ya aina ileile. Alikufa miezi mitatu nyuma, ini limemvimba, na gari yake ilisimama juu ya matofali uwanjani kwa mama yao, imefunikwa turubai. Kilio chake kilikuwa hakijatoshwa, yaani matanga yalikuwa hayajaondolewa. Wajomba wa Kamina ndio waliopaswa kuja kukitosha na kugawa vitu: nguo, kitanda, redio, gari. Mpaka wafike, hakuna mkono wenye ruhusa ya kugusa kitu cha marehemu. Mara tatu wajomba walituma habari kwamba wanapanda treni, na mara tatu treni haikufika.

"Twende kwa Baba Adolphe," alisema Benoît hatimaye.

Adolphe alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yao, na ndiye aliyeshika ukoo. Alimsikiliza Ramazani mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu hata pale alipokwisha kukataa moyoni.

"Weye uko fundi," alisema. "Uko pia mwislamu, desturi yenu minaiheshimu. Ya kwetu iko ingine. Tukifungua gari ya Georges mbele wajomba hawajafika, watasema nini? Watasema tulimuua sababu ya gari."

"Ni kitovu moja tu, Baba," alisema Benoît. "Nikipata ingine, narudisha."

"Na ukimukata maiti sikio moja, utarudisha?"

Mama mkwe wa Angèle, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alianza kulia bila sauti. Benoît akaangalia viatu vyake.

"Baba," alisema Angèle, "yule iko kwa kaburi hatembee tena. Huyu anatembea. Na anabeba wanawake kumi."

"Mama Mélanie," Adolphe alimjibu kwa upole, akimwita kwa jina la bintiye, "wanaume wa hii nyumba hawajaisha."

Walipofika kwao, Benoît aliingia ndani akatoka na ukanda wa shaba mwembamba kama jani. Nani katika Likasi hakuwa na shaba? Ilitoka kiwandani ndani ya soksi, ndani ya bakuli la chakula, ikawa pete, ikawa mwiko, ikawa msalaba wa ukutani. Watu wa mji ule waliiamini shaba kama mtu anavyomwamini shangazi yake.

"Tunaizungushia rulema, inakaza," alisema Benoît. "Kikula nzima wanafanya hivi."

"Wanafanya kwa gari ya kuzunguka humu mjini. Shaba ni laini, bwana. Ikipata moto inajinyoosha, inatoka kama siagi. Na ufa utaukaza na nini?"

"Miaka yote shaba ilitulisha, leo ndiyo itatuangusha? Kaza, Ramazani."

Benoît alipokwenda kuazima tupa kwa jirani, Ramazani alimsogelea Angèle. Alisema huku akifuta mikono, bila kumtazama, kama mtu anayezungumzia mvua.

"Kesho asubuhi muko na misa ya Georges. Wote wataenda. Miye siingiake kanisa. Nusu saa inatosha: kizima kinakuja hapa, kibovu kinaenda kule chini ya turubai. Lakini siwezi kuingia kwa uwanja wa watu kama mwizi. Mutu wa nyumba anifungulie mulango. Weye, mama."

Angèle alifikiria machozi ya mama mkwe. Alifikiria upole wa Adolphe, ambao aliuogopa kuliko kelele. Miaka kumi na mmoja aliishi katika ukoo ule akiitwa mgeni, na kila mara alipopitisha mguu pasipopitishwa alikumbushwa. Aliokota kisu chake akaendelea na mihogo.

Asubuhi yake alikwenda misa pamoja na wengine. Aliimba.

Alasiri Ramazani alikaza shaba. Gurudumu likatulia, wala halikucheza hata kidogo, na Benoît akalipiga teke la furaha.

"Mteremko, polepole," alisema Ramazani. "Simama mara kwa mara, gusa kwa mukono. Ikikuchoma, usiendelee."

Alhamisi, njiani, Benoît alisimama. Wanawake aliowabeba walisema hivyo wote: walipofika Kambove alishuka, akagusa, akasema ni vuguvugu tu. Kwenye mteremko uliofuata waliona gurudumu likitangulia mbele yao barabarani, peke yake, kwa haraka, wakabaki kushangaa ni la nani. Kisha gari ikalalia upande wa kushoto, ikabiringika. Wanne walivunjika mikono na miguu. Waliokwenda kuwasaidia walikuta kila kitu kimekuwa cheupe kwa unga, hata damu ilichelewa kuonekana. Benoît walimtoa chini ya mlango jioni, amekwisha kukauka.

Siku ya pili ya kilio, uwanjani kwa mama mkwe, Adolphe alisimama mbele ya watu akasema Mungu ndiye aliyetaka. Angèle aliinuka kutoka mkekani. Alitembea hadi kwenye gari ya Georges, akavuta turubai mpaka ikaanguka yote, akaweka kiganja juu ya gurudumu la mbele.

"Mungu hakukataza hii," alisema. "Mulikataza ninyi. Ilikuwa hapa. Mulimunyima mutu muzima, mukamuchungia maiti. Sasa muko na maiti mbili, na gari bado iko juu ya matofali."

Mama mkwe alianguka. Ilibidi wambebe.

Treni ilifika wiki iliyofuata, na wajomba wakaketi kutosha vilio viwili kwa pamoja. Mkubwa wao alikuwa mzee aliyechoka, asiye na ubaya. Alimweleza Angèle utaratibu: apige magoti mbele ya Adolphe na mama mkwe, alete kuku mweupe, aombe msamaha kwa maneno ya aibu aliyoyasema mbele ya watu. Asipofanya hivyo hawatamtosha kilio. Atatoka katika nyumba ile na nguo yake nyeusi, na watoto wawili watabaki na ukoo wa baba yao.

Watoto walikuwa wameketishwa upande wa pili, kati ya shangazi zao. Angèle aliwatazama kwa muda mrefu.

"Nilikosea," alisema, na watu wakashusha pumzi. "Ramazani aliniomba nifungue mulango, sikufungua. Nilienda kuimba. Hiyo nitaongea na Benoît kila siku mpaka nimufuate. Lakini ile nilisema hapa, nilisema kweli, na muliisikia."

"Binti," alisema mjomba, "fikiria watoto."

"Ninawafikiria."

"Basi piga magoti."

"Hapana, baba," alisema Angèle. "Siombi musamaha."