Hanga ya Mzee Pargeter

Tangu apatwe na kiharusi, Mzee Cuthbert Pargeter alibakiwa na neno moja tu: hanga. Alilisema akiwa macho, akalisema usingizini, taratibu, kama mtu anayemwita paka. Kesho asubuhi gari la nyumba ya wazee lingekuja kumchukua, na binti yake Imogen hakutaka aondoke na neno hilo kooni bila mtu kulielewa.

Alikwisha kumletea hanga za nguo: ya mbao, ya waya, hata ile iliyobeba koti lake la harusi. Mzee alizitazama, akafumba macho.

"Mletee na kabati lenyewe basi," alisema Rufus, kaka yake Imogen, huku akipaka mkate siagi. "Labda anataka kuhama nalo."

"Wewe cheka tu. Hata wewe jana alikuita hanga."

"Nimeitwa vibaya zaidi humu ndani."

Imogen akainua macho. Juu ya meko ulining'inia upanga mfupi wa askari wa miguu, mpini wa shaba, bapa limepinda kidogo kama mwezi mchanga. Watu wa zamani waliuita hanga kwa vile ulining'inia kiunoni kama koti kwenye hanga. Walipokuwa wadogo baba aliwasimulia: askari wa mfalme walizibeba panga hizo miaka na miaka, lakini vitani walitumia bunduki na singe, na upanga ukabaki wa kukatia kuni za chungu. Mwishowe jeshi likaona ni mzigo, likawavua. Huu aliupenda kwa mapengo ya makali yake. "Haya si ya mifupa," angesema, akiyapapasa. "Haya ni ya miti."

Imogen akauteremsha, akamwekea baba mapajani. Vidole vya mzee vikatembea juu ya mapengo, polepole, na uso wake ukalegea. Kisha akageukia dirishani.

"Hanga," alisema.

Nje, ukungu ulikuwa umelala mlimani, na miti ya kando ya mlima ilielea ndani yake kana kwamba haina mizizi. Hapo kwao Hampshire, mashambani mwa Uingereza, msitu unaoshika mteremko kama ule nao huitwa hanga. Kila mtoto wa kijijini alijua hivyo. Imogen alikuwa ameishi London mpaka akasahau.

"Rufus, sukuma kiti cha magurudumu. Anautaka msitu."

"Na upanga?"

"Hauachii."

"Polisi wakituona watadhani yeye ndiye katuteka."

"Ufunike blanketi."

Wakapanda njia ya matope, Rufus akihema, majani mekundu yakiwadondokea bila sauti. Ukungu ulizidi kuwa mwororo. Imogen akahisi kuna watu kati ya mashina, wenye makoti mekundu yaliyochujuka kama wale askari wa mfalme, wanainama na kuinuka, na kwa mbali harufu ya moshi. Hakuogopa.

Mzee akainua upanga kwenye tawi kavu, mkono ukashuka kabla ya kulifikia. Imogen akauwekea wake juu. Wakakata pamoja, wakakata tena, tawi likalala chini.

Mzee alilitazama.

"Kuni," alisema.

Rufus akainama kuziokota.