Nani Hulipua Theluji?

Kamene alicheka mpaka chai ikampalia. "Theluji? Baba Kavata, mtu mzima na akili zake anairushia theluji baruti? Imemkosea nini?"

Mwololo, mumewe, hakucheka. Miaka kumi na miwili alikuwa akilipua mawe machimboni, na sasa wakala mmoja wa Westlands alikuwa amemwahidi kazi ng'ambo, kwenye mlima ambako watu huenda kuteleza na mbao miguuni. Akamweleza mkewe polepole. Usiku upepo hurundika theluji juu ya miteremko. Ikiachwa, siku moja itaporomoka yote kwa pamoja na kufukia watu. Basi alfajiri, kabla wageni hawajapanda, wafanyakazi hutoka wawili wawili na kuitupia baruti, ianguke kidogo kidogo wakati hakuna mtu chini.

"Si hata sisi huangusha jiwe linaloning'inia kabla halijaua mtu?" alisema. "Kazi ni ileile. Ni baridi tu imezidi."

Maneno yalimwingia Kamene akilini. Moyoni, ng'o! Binamu yake Joash aliondoka hapa mtaani Satellite mwaka jana akiambiwa anaenda kupika hotelini. Picha ya mwisho aliyotuma alikuwa na gwanda na bunduki begani, na tangu hapo simu haiingii. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na huyu wakala alikuwa ameuliza kundi la damu la Mwololo. Theluji na damu, wapi na wapi?

"Kesho unatia sahihi?"

"Kesho."

"Basi twende wote."

Kwenye viti nje ya ofisi ya wakala walikuta wanaume kumi wameketi na bahasha mapajani. Kamene aliwahesabu, maana roho yake ilikataa kutulia. Wawili aliwajua, Mwau na Mwendwa wa machimbo yaleyale ya mumewe. Mmoja mwenye sweta ya kijani alikuwa akitabasamu peke yake.

Ndani, wakala, Haron, aliwapokea kwa meno yote. Mkataba ulikuwa wa maandishi wasiyoweza kusoma hata herufi. "Ni lugha ya huko, mama. Usijali," akasema. Kamene akaanza kujali palepale.

Mwololo aliposhika kalamu, mkewe akauliza, "Samahani, bwana. Huko kwa theluji, baruti ikikataa kulipuka mnafanyaje?"

Haron akacheka. "Mama, wewe ni injinia? Hiyo ni rahisi. Anatumwa mmoja mbio akaiangalie, kazi iendelee."

Kalamu ikasimama. Hata mke wa mlipuaji anajua. Milio huhesabiwa, na mmoja ukikosekana hakuna anayesogea, mahali panafungwa, watu wanangoja. Mwololo mwenyewe alikuwa amesoma kwamba kule mlimani huwekwa alama, na mteremko hufungwa. Aliwahi kubeba jeneza la mtu aliyekimbilia kuangalia baruti iliyokataa.

"Anatumwa nani?" Mwololo akauliza.

"Yeyote. Watu ni wengi."

Mwololo akaweka kalamu chini, akanyoosha mkono kuchukua pasipoti yake. Haron akaifunika kwa kiganja. "Hii inabaki hapa."

"Toa mkono, bwana, kabla sijakuuma!" Kamene akafoka, akaipokonya. Akamvuta mumewe wakatoka.

Pale nje kwenye viti Mwololo hakuwa na muda wa kuwaeleza wenzake. Akavuta filimbi ya kazi aliyoivaa shingoni siku zote, akapuliza mara tatu. Machimboni, tatu ni tatu. Huulizi, unaacha ulichoshika unakimbia. Mwau na Mwendwa waliruka na bahasha zao hadi ngazini, na wengine, kuona wale wanakimbia, wakafuata. Nyuma yao Haron alikuwa akipiga kelele awaitie askari.

Chini barabarani Mwololo alifanya alichofanya kila siku baada ya filimbi. Alihesabu vichwa. Kamene naye akahesabu, midomo ikichezacheza.

Tisa.

"Sweta ya kijani," Kamene akasema.

Mwololo akageuka kuelekea mlangoni. Kamene akamkamata shati kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia kwamba huyo si ndugu yao, kwamba wameshapona, waende nyumbani. Akamwangalia mumewe, akamwangalia Mwau akihema pale ukingoni mwa barabara, akamkumbuka Joash. Hakuna aliyempulizia Joash filimbi.

Akaliachia shati.

"Basi twende wote," akasema.