Moduli Isiyolalamika

Wiki ya tatu tangu wamzike mumewe, fundi wa kompyuta wa shule ya wasioona alikaa mbele ya skrini, wala hakumbuki alikaa saa ngapi. Watu hudhani mjane hulia kutwa kucha. Huyu alikuwa mkavu kama kuni. Chai aliinywa kwa sababu imewekwa mbele yake.

Taabu ilikuwa moja. Mfumo ulikuwa umesasishwa, na huko ndani ya kiini chake fanksheni mbili, vile vipande vya amri vilivyotumiwa na moduli inayoendesha mashine ya kuchapa nukta nundu, zimeondolewa. Waandishi wa kiini ndivyo walivyo jamani, wanahamisha mlango kisha wanakushangaa ukigonga ukuta. Moduli ile aliiandika marehemu, na kila kiini kilipobadilika yeye ndiye aliyeirekebisha. Sasa mtihani ni kesho asubuhi, watoto kumi na tisa, na bila mashine hawana cha kusoma.

Fanksheni moja aliipatia mbadala. Ya pili, inayosukuma sindano za kutoboa nukta kwenye karatasi, ilimshinda. Basi akafanya jambo ambalo mumewe angemgombezea: akaandika fanksheni tupu yenye jina lilelile, isiyofanya lolote ila kujibu kwamba mambo sawa. Moduli ikakubali. Mashine ikavuta karatasi, ikazitoa.

Wifi yake, mwalimu wa darasa hilo, asiyeona tangu utotoni, akapitisha vidole juu ya karatasi ya kwanza, kisha ya pili.

"Wifi, hapa hamna kitu."

"Kompyuta inasema imemaliza."

"Iache iseme." Mwalimu akanyoosha mkono, akampapasa shavu. "Nawe ni hivyohivyo. Ukiulizwa, mzima. Kaka yangu nimemlilia hadi sauti imekauka, nikawa najiuliza kama ulimpenda."

Fundi akaifuta ile fanksheni tupu, akajenga moduli upya. Makosa yakajaa skrini nzima.

"Sijui alikuwa anafanyaje," akasema. "Kila mara yeye ndiye alijua. Nilikuwa namuuliza tu, wifi. Sasa nimuulize nani?"

Akaisukuma kibodi kando.

Mwalimu akavuta kiti, akatoa kibao chake cha nukta nundu na sindano ya mkono. "Mtihani nitautoboa mwenyewe. Wewe lia."

Akalia, kwa sauti, bila kujifunika uso, na wifi yake akatoboa hadi karatasi ya kumi na tisa.