Kibao cha Akina Tan

Boon Kheng alisimama mbele ya kazi yangu na kikombe chake cha kahawa, akaitazama muda mrefu mpaka nikaanza kujisikia msanii kweli. Nikadhani imemgusa. Nikainua simu taratibu nimpige picha kwa nyuma, mtu ameduwaa mbele ya mto niliopaka ukutani, picha safi kabisa ya kuweka mtandaoni.

Kabla sijabonyeza akageuka.

"Li Ean, mbona umetundika ukoo wangu?"

Nikacheka. Boon Kheng ni mfinyanzi, na utani wake huwa mkavu kama udongo wake. Ila safari hii yeye hakucheka.

Tulikuwa wasanii saba ndani ya nyumba moja ya zamani hapa George Town, chini lilikuwa duka na juu walikaa watu, sasa hakuna duka wala watu, kuna maonyesho. Mada yetu ilikuwa tulikotoka: wazee wetu walikuja vipi, waliacha nini, na sisi wajukuu ni kina nani. Aliyetukusanya ni Devaki, ambaye babu zake waliletwa kutoka Uhindi kugema mpira. Yeye alishona pazia kubwa kwa vipande vya sari za shangazi zake. Boon Kheng alileta mabakuli aliyoyapasua makusudi. Mimi nilileta kibao.

Ni ubao mrefu mweusi wa kuchongwa, una herufi mbili za Kichina za dhahabu. Ulikaa juu ya mlango wa bibi yangu, Ah Ma, kule Jelutong, tangu sijazaliwa. Alipohamia kwenye ghorofa, mlango wa huko ni wa chuma na juu yake kuna mita ya umeme, kwa hiyo akaniambia chukua. Sasa mimi Kihokkien, Kichina cha kwetu, nakiongea vizuri, cha jikoni, cha kugombana, lakini herufi sijui hata moja, maana nilisoma shule ya Kimalei. Nikafanya ambacho angefanya yeyote. Nikaielekezea simu. Simu ikazunguka kidogo, ikaniambia: Mto Ying.

Jamani, mto! Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Babu yangu, Ah Kong, alikufa nikiwa mdogo na hakuwahi kusema neno juu ya China. Ukiwauliza Wachina wenzangu wametoka wapi, kila mmoja anakutajia kijiji cha babu yake. Sisi kwetu ukiuliza unaambiwa kula. Kumbe jibu lilikuwa juu ya mlango siku zote. Nikapaka ukuta mzima rangi ya maji. Nikarekodi sauti ya kijito cha Air Itam, nikaiweka ichezwe polepole. Na chini ya kibao nikaandika kwa herufi kubwa za kubandika kwamba mimi, Saw Li Ean, ni mjukuu wa mto huu, babu yangu alizaliwa kando yake.

Wageni walikuwa wanakuja saa kumi na moja jioni. Ah Ma naye alikuwa anakuja. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu nisimame mbele ya watu niseme tunatoka wapi, bila kumung'unya maneno, na yeye anasikia.

Boon Kheng akanielezea, na akanielezea pole pole kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. Hiki si kijiji cha mtu. Kila jina la ukoo lina jina lake la kale la kuweka mlangoni, la tangu enzi za wafalme. Hizo herufi kwa Kihokkien zinasomwa Eng Chuan, na Eng Chuan ni mlango wa akina Tan. Wote. Kwao kipo hivyohivyo, kwa shangazi yake kipo.

"Sasa nyinyi akina Saw," akasema, "chenu ni Bu Kong."

Akaniandikia kwenye simu yangu. Nikabonyeza kutafsiri. Simu ikaniambia: kungfu.

Devaki alikuwa juu ya ngazi anafunga taa, ilibidi ashuke ili acheke vizuri. Akasema bora Ah Ma alikosea, maana ningewachorea wageni mateke ukutani. Nami nikacheka, halafu katikati ya kicheko nikajiuliza. Kama mlango wetu ulikuwa wa akina Tan, sisi tulikuwa tunaingia nyumba ya nani?

Nikampigia Pa, baba yangu. Yuko mji wa Ipoh, anauza matairi, na alikuwa na mteja. Akasema sisi ni akina Saw, kaburi la Ah Kong limeandikwa Saw, niache mambo. Nikamwambia kibao ni cha akina Tan. Akashusha sauti. Akasema kuna wakati alisikia, utotoni, wazee wakinong'ona kwamba Ah Kong alishuka melini na jina la mtu mwingine, kijana aliyefia njiani, kwa sababu bila karatasi za huyo asingeruhusiwa kushuka. Lakini wazee wenyewe walikuwa wamelewa, akasema, na mteja anasubiri.

Akakata. Nikabaki naangalia simu kana kwamba itaongeza kitu.

Devaki, kicheko kimeisha, aliniambia nina saa moja. Nitoe kibao, au nibadilishe maneno, lakini asije mtu akasoma jambo ambalo mimi mwenyewe siliamini. Nikapanda kiti nikabandua neno Saw. Nikaona ukuta hauna mtu. Nikalirudisha, likakaa upande. Boon Kheng akanishauri kwa moyo mweupe niandike Tan, tuwe ndugu. Nikamwambia asinichanganye zaidi.

Ah Ma akaja mapema. Blauzi ya maua, nywele zimepakwa dawa nyeusi, mkononi boksi la ang ku, vile vikeki vyekundu vya umbo la kobe, kana kwamba amekuja kwenye arobaini ya mtoto. Akatazama ukuta wa buluu, akauliza bomba gani linavuja. Nikazima sauti ya kijito.

Nikamuuliza kibao kilitoka wapi.

"Tulinunua."

"Mlinunua wapi, Ah Ma?"

"Kwa muuza vitu vya zamani. Mtaa mzima kila mlango una kitu juu, wa kwetu mtupu kama mdomo wa kibogoyo. Nikamwambia babu yako mimi naona aibu."

"Na hamkujua kimeandikwa nini?"

"Angetusomea nani? Ukimuuliza jirani, jirani atajua hujui." Akafungua boksi akampa Boon Kheng kikeki. "Majirani walidhani babu yako ni Tan aliyelelewa na akina Saw. Watoto wa kupewa walikuwa wengi, na mtu haulizwi mambo hayo. Tukaishi kwa amani."

Nikamwambia huyu kijana ni Tan. Ah Ma akamkagua juu mpaka chini.

"Basi wewe unatakiwa unisalimie vizuri. Miaka yote nimewachomea wazee wako ubani na kuwalisha machungwa yangu."

Boon Kheng akainama kweli, mdomo umejaa keki. Hapo ningeishia, nimepata jibu, tulinunua, kwisha. Lakini Ah Ma alikuwa bado anakitazama kibao.

"Mimi nilitaka kingine," akasema. "Vilikuwepo vingi, kimoja kimechongwa maua pembeni. Babu yako akaweka mkono juu ya hiki. Nikamwambia hiki kimepasuka. Akasema hiki."

"Kwa nini hiki?"

"Yule alikuwa mtu wa maneno? Alisema hiki, tukabeba."

"Ah Ma, alikuwa anajua kusoma?"

Akafikiri. Niliona anafikiri kweli, kama hajawahi kuulizwa.

"Mbele yangu hakuwahi kusoma kitu," akasema.

Chini mlango ukafunguliwa, sauti za wageni zikaanza kupanda ngazi. Nikapanda kiti. Nikabandua mjukuu, nikabandua mto, nikabandua alizaliwa. Jina langu nikaliacha, Saw yake imepinda. Kwa herufi zilizobaki mkononi nikabandika maneno machache: babu yangu alichagua hiki.

Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye miwani, nadhani mwalimu, maana alisoma herufi za dhahabu kwa sauti, kisha akasoma jina langu, kisha akarudi kwenye herufi.

"Saw ametundika kibao cha Tan," akasema. "Huyo babu alijua?"

Nikamtazama Ah Ma. Ah Ma akanitazama mimi.

"Hatujui," nikasema.

Yule mama akavuta kiti nilichokuwa nimepandia, akakifuta kwa leso, akakaa. "Haya," akasema, "kilitoka wapi?" Na Ah Ma akamsogezea boksi la keki, akaanza upya tangu mlango mtupu.